Taya la Alois Msabila na Jina la Bi Zamda

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Baba Padre, mama mjane, wazee wetu, na ninyi vijana mliojibanza kule ukutani: sogeeni, viti vipo. Naitwa Dafrosa, mdogo wa mwisho wa marehemu. Familia imenipa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Hili ni jeneza la tatu kutoka kwetu mwaka huu, nimechoka, nitasoma mara moja tu. Asiyesikia atausoma kwenye ratiba aliyoshika mkononi, aache kujipepea nayo.

Marehemu Alois Msabila alizaliwa Usinge, siku ya Jumapili, tarehe 21 Juni 1959, mtoto wa pili kati ya saba wa mzee Kasimiri Msabila na mama Felista. Tarehe hiyo ni ya Mtakatifu Aloisi, basi jina halikutafutwa mbali. Mama alisimulia kwamba baba alikuwa porini kwenye mizinga yake, na aliporudi alikuta mtoto amekwisha kuitwa. Akauliza, "Jina amempa nani?" Mama akamjibu, "Kalenda ya Padre. Wewe ulikuwa wapi?"

Alianza shule ya msingi hapo hapo Usinge mwaka 1968, akamaliza darasa la saba mwaka 1974. Hesabu alizijua, lakini msimu wa asali dawati lake lilikaa tupu. Mwalimu wake, marehemu mwalimu Tobias, alikuja nyumbani kwa hasira kumshitaki kwa baba. Baba akamwekea sega kwenye sahani. Mwalimu aliondoka na nta kwenye masharubu, na mashitaka hayakurudi tena. Kaka yetu akajifunza siku ile kwamba ukimfurahisha mtu, kosa lako analisahau. Somo hilo lilimkaa, na lilimgharimu, kama mtakavyosikia.

Kazi yake ilikuwa urinaji asali, aliyoirithi kwa baba. Wa mjini wanaokula asali kwa kijiko hawajui inavyoshuka. Kupanda mti wenye mzinga kunataka mikono miwili, na kushusha ndoo kunataka mkono wa tatu. Mkono wa tatu wa Alois ulikuwa meno. Kamba ya ndoo aliipitisha juu ya tawi, ncha akaiuma kwa magego, akaiachia kidogo kidogo, huku mkono mmoja umeshika mti na mwingine umeshika kienge cha moshi. Baba alifanya hivyo, na babu pia. Baba alizeeka meno yakiwa yamelika kama ya ng'ombe mkongwe, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulidhani ndivyo meno ya wanaume wa kwetu yalivyo.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Bernadeta tarehe 12 Oktoba 1985. Walijuana kwa sababu ya nta. Bernadeta alitumwa kununua nta ya kutengenezea mishumaa ya kanisa, akaitazama, akasema, "Kaka, hii ina nyuki wafu ndani." Alois akasema, "Hao sikutozi, ni nyongeza." Wifi yangu anasema alicheka ndipo akapotea. Mungu aliwajalia watoto wanne: Recheli, Revocatus, Advera, na mmoja aliyetangulia akiwa mchanga. Mwaka 1992 walihamia hapa jirani na Kipalapala, kwenye shamba ambalo Bernadeta aliachiwa na wazazi wake. Mizinga akaining'iniza mpakani mwa shamba, asali akaipeleka sokoni Tabora kwa baiskeli.

Ng'ambo ya mpaka huo alikuwepo Bi Zamda. Asiyemjua ni mgeni, lakini nitamweleza: mjane, mama wa Yasmini aliyeolewa mjini, mfuma mikeka na mfugaji wa mbuzi wachache. Babu yake alikuwa mpagazi. Msafara ulimwacha njiani akiwa na homa, wenzake wakaendelea na pembe zao hadi pwani, yeye akapona, akaoa, akabaki. Kwa hiyo watu wakimwita Bi Zamda mtu wa kuja, mimi huwa nawauliza kwao wamezika babu wangapi hapa.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Naomba simu zizimwe.

Ugonjwa wa kaka yetu haukuanza siku watu wanayoitaja. Ulianza kama mwaka 2010. Bernadeta ni shahidi, maana alilala naye kitanda kimoja: mume alisaga meno usingizini kama mtu anayesaga mtama kwenye jiwe. Alipewa dawa ya minyoo. Minyoo, kama ilikuwepo, ilitoka. Meno yakaendelea kusagwa. Akila, taya lilialika karibu na sikio, kwa, kwa, hata wajukuu wakawa wanahesabu. Kichwa kilimuuma kwenye panja pande zote mbili, na asubuhi mashavu yalikuwa magumu kama ubao. Akatiwa dawa ya sikio. Akapimwa presha, ikaonekana iko juu, akapewa vidonge vyake, na hivyo vilikuwa sahihi. Kisha mng'oaji mmoja wa mnadani akamng'oa magego mawili, mazima kabisa. Maumivu hayakwenda popote.

Yote hayo, nasema tena kwa walio nyuma, yalikuwa kabla ya mbuzi.

Mbuzi ni wa Agosti 2017. Nyuki waliingia kwenye zizi la Bi Zamda mchana, wakaua mbuzi wake wawili, mmoja akiwa na mimba. Bi Zamda akamwita Alois mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Watu walijaa, mnakumbuka, wengine mlikuwepo. Mwenyekiti akauliza, "Alois, hawa nyuki ni wako?" Kaka yetu akaangalia watu kwanza, ndipo akajibu, "Mwenyekiti, nyuki hawana chapa kama ng'ombe. Nani kawageuza akaona jina langu mgongoni?" Watu wakacheka mpaka kesi ikaharibika. Bi Zamda hakucheka. Akasema, "Alois, mdomo huo unaochekesha watu kwa uongo, Mwenyezi Mungu aufunge." Akachukua khanga yake akaenda zake.

Wiki haikuisha. Alois aliuma hindi la kuchoma, kukasikika mlio mkubwa sikioni, na taya likagoma. Kuanzia hapo mdomo wake ulifunguka kiasi cha kupitisha kidole kimoja kwa ubapa. Alikunywa uji, akanywa mchuzi, akakonda.

Mnajua yaliyofuata, na wengine mnayajua kwa mikono yenu. Ndugu wakampeleka kwa mganga, mganga akauliza nani amemtamkia maneno, akaambiwa, akawarudishia waliyomwambia. Kwa kazi hiyo akalipwa. Mawe yakaanza kulia juu ya bati la Bi Zamda. Mikeka yake ikakosa mnunuzi, watoto wakakatazwa kupita kwake. Yasmini akaja na guta, akampakia mama yake na vyombo, akamhamishia kwake mjini. Kaka yetu aliyaona yote hayo akiwa kibarazani, na mdomo ulioweza kupitisha mchuzi ungeweza kupitisha neno moja. Hakulipitisha. Haya siyaongezi mimi. Aliyasema mwenyewe, na aliagiza yasemwe.

Aliyedhaniwa mchawi akahama, taya halikuhama.

Mwezi Machi 2018, Recheli, ambaye ni mpishi mjini, alichoka kumwona baba yake akinywea chakula kwenye kikombe, akampeleka kwa daktari wa meno. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko Recheli mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Fungua mdomo."

"Marahaba. Ungekuwa unafunguka nisingekuja."

Daktari akacheka, akapima kwa vidole vyake. Akambonyeza mashavu, panja, na mbele ya masikio. Alipofika penyewe mzee akaruka kitini.

"Hapa ndipo penye maumivu. Siyo kwenye jino. Haya magego mawili yaling'olewa kwa nini?"

"Yalikuwa yanauma."

"Yalipotoka, maumivu yaliisha?"

"Hapana. Yalihamia sikioni."

"Basi hayakuwa na kosa. Mzee, ukikaa kimya tu, hivi, meno ya juu na ya chini yanagusana?"

"Sasa yakae wapi, mwanangu?"

"Yaachane. Meno yanakutana wakati wa kula, yakimaliza yanaachana. Wewe unayakutanisha mchana na usiku. Unashika nini kwa meno?"

"Kamba ya asali."

"Tangu lini?"

"Tangu kwa baba yangu."

Ndipo akaelezwa. Misuli ya taya ikikazwa kutwa, na usiku ikasaga, inachoka na kuuma kama miguu ya mtu aliyetembea safari ndefu na mzigo. Na ndani ya kiungo, pale mbele ya sikio, kuna kisahani laini kinachosaidia taya kuteleza. Kikitoka mahali pake, taya linakwama. Recheli anasema baba yake alisikiliza yote, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtu anaweza kumfunga mwenzake hivi kwa maneno?"

Daktari akamwambia, "Maneno hayafiki kwenye kiungo hiki, mzee. Kamba inafika."

Alitengenezewa kinga ya meno. Walimwekea mdomoni kitu laini kama ugali wa mtoto kuchukua umbo la meno yake, kwa shida, maana chombo hakikutaka kupita. Baada ya muda akapewa kipande cha plastiki ngumu, angavu, cha kuvalisha meno ya juu kila anapolala, ili meno yasisagane, misuli ipumzike na kiungo kipunguziwe mzigo. Daktari hakumwahidi muujiza. Alimwambia arudi mara kwa mara ili kisuguliwe kikae sawa, akande mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto, afanye mazoezi ya taya taratibu, ale vilaini, na kamba aifunge kwenye mti au kiunoni, mahali popote pasipo na meno.

Hapa nyumbani kinga hiyo iliitwa kiatu. "Baba Recheli, umevaa kiatu?" ndiyo iliyokuwa salamu ya kulala ya Bernadeta. Alijibu kama mtu aliyebugia kiazi. Na kwa kuwa alikuwa mrina asali, aliamini hakuna kitu duniani kisichohifadhika kwenye asali. Kwa hiyo asubuhi alikivua akakitumbukiza kwenye kopo la asali, jioni akakitoa akakivaa hivyo hivyo, akisema kinalainika. Siku ya marudio daktari alifungua kifuko, sisimizi wakatoka mmoja baada ya mwingine wakatembea juu ya meza yake.

"Mzee, hawa ni nini?"

"Nyongeza," akasema kaka yetu.

Alikaripiwa siku hiyo kama mtoto wa chekechea: hiki kinasuguliwa kwa mswaki na kuwekwa kwenye maji safi, asali usiku kucha inaozesha hayo meno yaliyobaki. Alikubali. Alimpelekea daktari chupa mbili za asali ya kuomba radhi, na daktari akazipokea.

Hakupona kama wanavyopona watu kwenye mikutano ya maombi sokoni. Ilikuwa polepole, wiki hadi wiki. Vidole viwili vikapita mdomoni, baadaye vikakaribia vitatu. Kichwa kikaacha kumuuma. Taya liliendelea kualika mpaka mwisho, lakini bila maumivu. Mwezi Agosti alikula mnofu wa ng'ombe, akalia machozi mbele ya sahani, na Bernadeta, ambaye mnamwona mpole, akamwambia, "Wa kula mnofu umefunguka. Wa kuomba radhi bado?"

Alikuwa akijikawiza. Kila siku alisema kesho, mdomo ukae vizuri kwanza. Baada ya neno hilo la mkewe alitoa baiskeli, akaenda mjini kwa Yasmini. Yasmini mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Bi Zamda alikuwa ukumbini anachambua mchele. Alois akavua kofia.

"Shikamoo, mayu."

Bi Zamda akaendelea kuchambua mchele.

"Shikamoo, mama yangu."

"Umekuja na ule mdomo?"

"Nimekuja nao. Umetengenezwa. Ilikuwa kamba, siyo wewe. Na wale nyuki walikuwa wangu. Niliwajua tangu siku ile. Mzinga wa mpakani ulikuwa umejaa, nikachelewa kuurina, wakachafuka. Mbuzi wawili nimewaacha nje."

Bi Zamda akaweka ungo chini. "Mbuzi nitawachukua, ni haki yangu. Na jina langu, Alois? Hilo utalirudisha na ndoo gani?"

Kaka yetu akarudisha kofia kichwani, akatoka akashika baiskeli. Ndugu zangu, mtu yule alikuwa na jibu la kila kitu tangu utoto.

Alirudi, akaomba mwenyekiti aite watu, akasimama mahali pale pale alipowachekesha. Akavaa kinga yake, akaivua, akawaonyesha. Akasema nyuki walikuwa wake, ugonjwa ulikuwa wa misuli na kiungo, na Bi Zamda hakumfanyia lolote zaidi ya kumwambia kweli. Wapo waliosikia. Wapo waliosema kalogwa mara ya pili ndiyo maana anamtetea. Kwa watu wa namna hiyo hata malaika angepoteza wakati. Yeye na Revocatus wakaezeka upya nyumba ya Bi Zamda, mizinga wakaihamisha upande wa pili wa shamba, na mwezi Juni 2019 mama huyo akarudi kwake. Siku ile aliposhuka kwenye guta, kaka yetu alimwamkia tena, na safari hii akajibiwa marahaba.

Nafika kwenye kifo, nanyi sikilizeni vizuri kuliko mwanzo. Kichwa kilipoacha kumuuma, marehemu alidhani presha nayo imekwisha. Akaacha vidonge. Bernadeta alisema, Recheli alisema, mimi nilisema kwa ukali, daktari wa meno mwenyewe alimwambia kinga ile haitibu presha. Alijibu, "Kichwa ndicho kilikuwa kinanishitaki, na kimefuta kesi." Presha haiumi. Inakaa kimya. Asubuhi ya Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, akiwa anafunga kamba ya baiskeli, alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia na mguu vikalegea, na mdomo ukaenda upande. Aliyesikia kishindo na kufika wa kwanza, akamlaza ubavu, akapiga kelele za kuita watu, ni Bi Zamda. Alilazwa hospitali mjini Tabora, akapewa mpako wa wagonjwa, na akafariki Jumanne iliyofuata, tarehe 9. Madaktari wameandika mshipa wa damu kichwani ulipasuka kwa sababu ya presha. Mdomo kwenda upande ni kazi ya kiharusi. Igunga mdomo unakwenda upande, Kaliua unakwenda, hata mahali ambapo Bi Zamda hajawahi kukanyaga.

Nasema haya kwa sababu tangu msiba uanze nimesikia. Penye masufuria nimesikia, kisimani nimesikia. "Mdomo tena." "Bibi karudi kumalizia." Leo asubuhi kuna kijana kasema bibi huyo asilale hapa kijijini tukishazika. Nimemwona, namjua baba yake, na amekula wali wetu akaongeza. Sitamtaja. Ila ajue kwamba Revocatus na dada zake wamekwisha kumwona mwenyekiti, na jiwe litakalolia kwenye bati lile limelia kwenye bati la Msabila.

Marehemu aliliona hili linakuja. Mwaka jana, tukiwa tunakamua masega, aliniambia, "Dafrosa, nikitangulia mimi, watamrudia yule mama. Mimi nilikuwa na mdomo nikanyamaza. Wewe unao mkali kuliko wa kwangu. Usome." Nimesoma, kaka.

Marehemu ameacha mjane, Bernadeta, watoto watatu, Recheli, Revocatus na Advera, wajukuu wanane, ndugu wanne, nami nikiwa wa mwisho, na jirani yake, Bi Zamda, ambaye familia imemweka hapa kwenye orodha ya wafiwa kwa makubaliano ya wote, na jina lake limepigwa chapa.

Utaratibu wa kutia udongo: Baba Padre, kisha mjane, kisha watoto, kisha Bi Zamda, ndipo sisi ndugu, ndipo wengine wote. Mama Bi Zamda, inuka, Recheli atakushika mkono. Na ninyi mliosimama njiani, mpisheni.

Kaka yetu Alois alale salama mikononi mwa Bwana. Na Bi Zamda, leo na siku zote alizoandikiwa, alale salama nyumbani kwake.